Nina Mawazo, Daktari

Leo nianzie kwenye foleni.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye zahanati moja, homa imempanda. Mbele yetu alikuwapo mama wa makamo, kanga moja ameifunga kiunoni na nyingine kajitanda, daftari lake la matibabu amelikunja kama bomba mkononi. Zamu yake ilipofika mlango uliachwa wazi, kwa hiyo sote tulisikia. Mhudumu akauliza bila kuinua macho, "Unaumwa nini?" Mama akajibu, "Kichwa. Na usingizi sipati. Nina mawazo, daktari." Mhudumu akaandika, kisha akasema, "Usiwaze sana mama, utapata presha." Akampa karatasi ya dirisha la dawa. Yote hayo hayakumaliza dakika mbili. Mama akatoka na vidonge vya maumivu kwenye kipande cha karatasi ya kaki, akapita mbele yetu, akatuambia, "Poleni na mgonjwa," akaenda zake.

Simlaumu yule mhudumu. Foleni ilikuwa imefika hadi chini ya mwarobaini, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha afanye nini anapoambiwa "nina mawazo." Lakini neno lile lilinikaa. Kwa Kiswahili chetu, mtu akisema ana mawazo hatuambii kwamba ana fikra nzuri za kuchangia mkutanoni. Anatuambia kuna jambo linamzungukia kichwani usiku kucha, chakula hakipiti, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tunamwelewa sote. Na jibu letu, karibu siku zote, ni lile lile: usiwaze. Kana kwamba mawazo ni redio, mtu akichoka anaizima.

Nataka kukueleza, msikilizaji, kuhusu watu waliolichukua neno la namna hiyo wakaliheshimu. Wakakaa nalo, wakaliundia tiba ya maneno tu, bila kidonge hata kimoja, kisha tiba hiyo wakaipima kwa ukali ule ule tunaopimia dawa ya malaria.

Twende Harare, Zimbabwe. Wasemaji wa Kishona wana neno kufungisisa. Sisi tukilisikia masikio yanatudanganya, tunadhani kuna kitu kimefungwa, lakini kwao kufunga ni kuwaza, na kile kimkia cha mwisho kinaongeza nguvu, kama sisi tunavyoitoa sikiliza kwenye sikia. Kufungisisa ni kuwaza hadi kupitiliza. Katika miaka ya 1990 daktari wa magonjwa ya akili kutoka India, Vikram Patel, alifanya kazi Harare pamoja na wenzake wa huko. Hawakuanza kwa kuwagawia wagonjwa fomu zilizotungwa Ulaya. Waliwauliza watu wenyewe, wauguzi wao, na waganga wao wa jadi: mtu aliyeelemewa moyoni hapa kwenu anasemaje? Anaumwa wapi? Majibu yakapangwa kuwa orodha ya maswali 14 ya ndiyo na hapana, kwa Kishona cha kila siku, kuhusu wiki iliyopita. Ulikosa usingizi? Ulilia? Tumbo lilikusumbua? Ulifikia kuona heri usiwepo duniani?

Tunza orodha hiyo kichwani, nitairudia.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilifanya operesheni ya kubomoa vibanda na nyumba za watu maskini mijini, iliyoitwa Murambatsvina. Sisi Watanzania tunaikumbuka kwa sababu aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kwenda kuichunguza alikuwa Mtanzania mwenzetu, Anna Tibaijuka, na ripoti yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, au riziki, au vyote viwili. Sasa fikiria vichwa 700,000 usiku, kila kimoja kikiwaza. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili 12 hivi.

Mmoja wao ni Dixon Chibanda. Amesimulia mara nyingi hadharani habari ya msichana aliyekuwa mgonjwa wake, ambaye alipaswa kurudi hospitalini, hakurudi, na baadaye daktari akapata habari kwamba amejiua. Alipomuuliza mama mzazi kwa nini hawakuja, jibu lilikuwa nauli. Walikosa dola 15 za basi. Mimi jibu hilo kila nikilifikiria nakosa pa kuliweka. Hapa hatuzungumzii upungufu wa dawa, wala upungufu wa elimu ya daktari. Tunazungumzia kiti cha basi.

Chibanda akaona kwamba kama mgonjwa hafiki hospitalini, basi tiba itoke imfuate. Akaenda Mbare, mtaa wa zamani wenye msongamano mkubwa kusini mwa katikati ya jiji. Aliomba wauguzi, akaambiwa wana kazi nyingi. Aliomba chumba kliniki, akaambiwa hakuna nafasi. Alichopewa ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii, wenye elimu ya darasani ya kiasi tu, na ruhusa ya kukaa nje. Nje kukawekwa benchi la mbao. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nani akae pale majirani wamwone? Hapa kwetu ukimwambia mtu aende hospitali ya akili ya Mirembe, au ukiwa Nairobi ukamtajia ile ya Mathari, umeshamtukana hata kama ulitaka kumsaidia, na huko mambo yalikuwa hayo hayo. Ni wale bibi waliomwambia daktari abadilishe jina. Wakaliita Chigaro Chekupanamazano, ambalo hata asiyejua Kishona atalihisi maana yake: kiti cha kupeana maarifa, kushauriana. Kwa Kiingereza likaitwa benchi la urafiki, na kwa jina hilo duniani linajulikana.

Je, pale benchini kunatokea nini hasa? Hili ndilo ninalotaka tulitazame kwa karibu, kwa sababu watu wengi wakisikia "bibi anampa mtu ushauri" wanadhani wanalijua.

Bibi anaanza na yale maswali 14. Anayejibu ndiyo kwa maswali mengi, tisa au zaidi, anakaribishwa kuendelea. Mwenye dalili za hatari, hasa anayetaka kujidhuru, anapelekwa juu, kwa muuguzi mwandamizi na daktari, habaki na bibi peke yake. Kisha hatua ya kwanza, ambayo wameiita kuvhura pfungwa, kuyafungua mawazo. Mgeni anasema yote. Tuseme ni mama: mume hatumi hela, kodi ya chumba imefika, mtoto amerudishwa kutoka shule, na yeye mwenyewe wiki iliyopita amepokea majibu ya kipimo ambayo hajamwonyesha mtu. Bibi anasikiliza, anarudia alichosikia ili ajue kama amesikia sawa, anaandika. Ule mzigo mmoja usio na umbo sasa ni mambo manne yenye majina. Halafu bibi anauliza: kati ya haya, tuanze na lipi?

Anauliza, hachagui. Wewe na mimi tungeanza na kile kipimo, kwa sababu tungeona ndicho kikubwa. Huenda mama akasema tuanze na mtoto wa shule. Basi ni mtoto wa shule. Wanatafuta pamoja njia za kulitatua, zote, hata zinazoonekana za kipuuzi, wanachagua moja inayowezekana, na kuigeuza kuwa kitendo chenye siku na saa: Jumatatu asubuhi nitakwenda kumwona mwalimu mkuu, nitamwomba nilipe kwa mafungu mawili. Wiki inayofuata anarudi kueleza kilichotokea. Mwalimu amekubali? Vizuri, twende jambo la pili. Amekataa? Hakuna lawama, tutafute njia nyingine. Vikao havizidi sita. Baadaye, akipenda, anajiunga na kikundi cha waliopita benchini kabla yake, ambako wanazungumza huku wakifuma mifuko kwa mabaki ya plastiki. Mikono inafanya kazi, macho yako kwenye uzi, na ulimi unakuwa mwepesi. Kina mama wanaosukana nywele barazani wanalijua hilo bila kuambiwa na mtafiti.

Jambo gumu kuliko yote kwa wale bibi, nadhani, lilikuwa kujizuia. Mtu mzima kwetu ana haki ya kuamuru. Bibi akiona mjukuu anapotea atamwambia, "Mwache huyo mwanamume, rudi nyumbani." Wale bibi walifunzwa kwa wiki moja na ushei kuimeza sentensi hiyo. Na sisi wenyewe tujitazame. Rafiki akianza kueleza tatizo lake, kabla hajafika katikati tumeshamkatiza: mwombe Mungu, hata mimi yalinikuta, wenzako wana makubwa zaidi. Tunasema pole haraka haraka, na pole ile mara nyingi ni kama pazia tunaloliteremsha ili tusiendelee kuona. Neno sikiliza tunalo tangu zamani, lakini tunapoitwa kulifanyia kazi tunaishia kwenye sikia.

Sasa, msikilizaji, mtu yeyote anaweza kusimama akasema tiba yake inafanya kazi. Mganga anasema, muuza mafuta ya upako anasema. Na ugonjwa huu una tabia ya kumrahisishia kila mmoja, kwa sababu wapo wanaopata nafuu wenyewe, msimu ukibadilika, deni likilipwa. Ukiwahesabu waliopona kwako pekee utajiona bingwa. Ndiyo maana watafiti wanahitaji kundi la kulinganisha, nalo pia litunzwe, lisitupwe.

Kati ya 2014 na 2015 Chibanda na wenzake walizichukua kliniki 24 za jiji la Harare, wakazigawa kwa bahati nasibu: 12 zikawekewa benchi la bibi, 12 zikaendelea na huduma ya kawaida, ikiongezewa maelezo kuhusu ugonjwa na dawa kwa aliyezihitaji. Watu 573 waliingia kwenye utafiti huo. Baada ya miezi 6 wakapimwa tena. Upande wa huduma ya kawaida, karibu nusu bado walikuwa na dalili za sonona, ugonjwa huo wa kuelemewa moyoni. Upande wa benchi, hawakufika 14 kwa kila 100. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, mojawapo ya majarida makubwa ya tiba duniani. Tangu hapo mabenchi yamefika Malawi, na yamevuka bahari hadi Zanzibar.

Lipo moja kwenye takwimu zile linalonisumbua. Katika kila watu 100 walioshiriki, zaidi ya 86 walikuwa wanawake. Wanaume walikuwa wapi? Kliniki asubuhi ni mahali pa kina mama, hilo ni kweli, na wanaume walikuwa wakihangaikia kibarua. Lakini najua pia jinsi tulivyomlea mtoto wa kiume: jikaze. Mwanamume mwenye mawazo utamkuta kilabuni, au utamsikia siku ile ambayo hakuna tena wa kumuuliza. Tiba inayosubiri watu kliniki itawakosa hawa, na ningependa kuona benchi pembeni ya kijiwe cha bodaboda, na anayekaa juu yake awe mzee aliyewahi kuiendesha.

Kabla ya Harare kulikuwa na Uganda, na sitaki nipite bila kusimama Masaka na Rakai. Huko ukimwi ulikata vizazi. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton na wenzake waliwauliza wanakijiji athari za janga lile ni zipi, na kati ya majibu likatoka neno la Kiganda okwekyawa, kujichukia nafsi. Tazama tena: kwanza neno. Kisha wakachukua tiba ya mazungumzo ya vikundi, ile inayoangalia uhusiano wa mtu na watu wake, misiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha, wakaijaribu katika vijiji 30, nusu vikapata vikundi na nusu vikabaki bila, wanaume na vikundi vyao, wanawake na vyao. Waliowaongoza walikuwa watu wa huko huko, wenye mafunzo ya wiki mbili. Kwa wiki 16 walikutana mara moja kwa juma, dakika 90.

Hapo palikuwa na kikwazo kizuri cha kujifunzia. Tiba hiyo ilivyotoka Marekani ilimtaka mfiwa azungumze pia mabaya ya marehemu, ili amwomboleze kama binadamu kamili. Huko Buganda, kama ilivyo kwetu, marehemu hasemwi vibaya. Basi wakaligeuza swali: je, zilikuwapo nyakati maishani pamoja naye ambazo zilikuwa ngumu, zilizokuvunja moyo? Na kwa mlango huo watu wakaingia. Matokeo yalichapishwa 2003. Kati ya waliokutana kwenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa 6 na nusu kwa kila 100. Vijiji visivyokuwa na vikundi, karibu 55. Angalia hiyo 55 vizuri: maana yake wengi pia walipata nafuu bila kikundi. Bila vijiji vile vya kulinganisha, wangeweza kujitwika sifa zote.

Nairobi nako walijaribu, wanawake 518 waliokuwa wameelemewa, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na wahudumu wa afya ya jamii wakakaa nao vikao vitano tu. Nafuu ilipatikana, ingawa haikuwa ya kushangaza kama ya Harare. Na hapa kwetu Moshi, sambamba na Bungoma nchini Kenya, watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 waligawanywa, nusu wakapata tiba ya mazungumzo juu ya kiwewe cha kufiwa. Bungoma, mwaka mmoja baadaye, waliotibiwa walikuwa bado mbele ya wenzao. Moshi, baada ya mwaka, makundi mawili yalikuwa yanakaribia kulingana, kwa sababu hata wale wasiopata tiba hiyo walikuwa wameendelea vizuri. Nimefurahi kwamba hilo lilichapishwa kama lilivyo. Utafiti unaotuambia "hapa tofauti haikudumu" unatuheshimu kuliko ule unaotushangilia.

Nikizungumza haya na watu, kuna jibu ninalolipata kila mara: lakini bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo tangu zamani! Nalipenda jibu hilo, na silikubali lote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msikilizaji hodari, lakini hakuwa na maswali 14 ya kumwambia nani yuko hatarini usiku huu. Hakuwa na muuguzi wa kumkabidhi mgonjwa. Na hakuwa na mtu wa kumsikiliza yeye, maana anayebeba siri za mtaa mzima naye hupata mawazo. Bibi wa Mbare wanakutana wenyewe kwa wenyewe, wanapitia kesi, wanasimamiwa. Ukiling'oa hilo ukabakiza benchi na bibi, utakuwa umejenga kijiwe, hujajenga tiba.

Na kingine, nikiseme waziwazi. Kwa kuwa tiba hii haihitaji mashine wala kidonge, viongozi wataipenda kwa sababu ni rahisi, na nina hofu kwamba wataigeuza kuwa bure. Mama mhudumu wa jamii anayetembea nyumba kwa nyumba tayari anabeba chanjo, anabeba uzito wa watoto, anabeba uzazi wa mpango, mara nyingi kwa posho ya nauli au bila. Tukimwongezea na huzuni za watu bila kumlipa, tutakuwa tumehamisha ugonjwa kutoka kichwa kimoja kwenda kingine.

Nimesema nitairudia ile orodha ya maswali. Swali la kwanza kabisa kati ya yale 14 linauliza kama ndani ya wiki iliyopita kulikuwa na nyakati ulizama katika mawazo, ukiwaza mambo mengi. Kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili, kwa sauti ya taratibu, kunachukua sekunde kama kumi. Na yule mama wa zahanati, mwenye daftari lililokunjwa, alikuwa ameshalijibu hata kabla ya kuulizwa, mlango ukiwa wazi, watu wote tukisikia.